Kutalii Dubrovnik: ngome, bahari, na kipande cha barabara kinachoweza kumaliza viza yako

Nimeandika mwongozo huu wa Dubrovnik, mji wa pwani nchini Kroatia, baada ya kumsaidia mpwa wangu kupanga safari. Alitoka Nairobi na viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kuingia mara moja tu. Kama viza yako ni ya aina hiyo, soma hatua ya 2 taratibu.

Hatua ya 1: Viza na fedha
Kroatia iliingia Schengen na kuanza kutumia yuro siku moja, tarehe 1 Januari 2023. Viza ya Schengen inatosha.

Hatua ya 2: Kufika
Ukienda kwa ndege hadi Dubrovnik, ruka hatua hii, isipokuwa onyo la mwisho kuhusu ziara za siku moja. Wengi lakini hushukia Split, mji mwingine wa pwani ya Kroatia, kisha hufuata pwani kwa basi au gari, na hapo ndipo penye kazi.

Dubrovnik imetengwa na sehemu nyingine ya Kroatia. Katikati pana mji wa Neum, ambao ni wa Bosnia na Herzegovina, nchi isiyo ndani ya Schengen. Ukipita Neum umetoka Schengen, hata kama ni kwa dakika chache. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishatoka, viza imekwisha, na hana haki ya kurudi upande wa pili.

Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, linalokuwezesha kubaki Kroatia njia nzima. Kuwepo kwa daraja hakumaanishi kwamba kila gari litalipita. Kwa hiyo:
- Kabla ya kulipia basi, uliza: "Mnapita darajani au Neum?" Pata jibu kwa maandishi.
- Ukikodi gari, usiandike "Dubrovnik" tu kwenye ramani ya simu. Weka kwanza Ston, mji mdogo ulio baada ya daraja, kama kituo cha kati, kisha hakikisha mstari unapita juu ya daraja.
- Wakati wa kiangazi kuna boti za kasi kutoka Split. Mimi ningechagua hizo, maana hazigusi mpaka kabisa.
- Ziara za siku moja za Mostar (Bosnia na Herzegovina) na Kotor (Montenegro) pia zinatoka Schengen. Zinauzwa kila kona ya mji, na muuzaji hatakuuliza viza yako ni ya aina gani.

Ukipita Ston, shuka. Ina ukuta wake wa kilomita zaidi ya 5, uliojengwa kulinda mashamba ya chumvi.

Hatua ya 3: Malazi
Lala mitaa ya Gruž au Lapad, kisha panda basi hadi Pile, lango la magharibi la mji mkongwe. Ndani ya mji mkongwe ni ghali, na utabeba sanduku kwenye ngazi.

Hatua ya 4: Ukuta
Mzunguko wa ukuta wa mji mkongwe ni mita 1,940, na watu wote huelekea upande mmoja, kinyume cha mwendo wa saa. Wengi huanzia Pile, wakamaliza na mpando wa mnara wa Minčeta wakiwa wamechoka na jua likiwa kali. Anzia lango la mashariki, karibu na monasteri ya Wadominika, mara tu linapofunguliwa asubuhi. Utaupanda mnara miguu ikiwa na nguvu, kisha utashuka upande wa bahari penye upepo. Kivuli ni kidogo sana. Beba maji na kofia.

Ukiwa juu, tazama mapaa. Vigae vyekundu vinavyong'aa viliwekwa baada ya mji kupigwa mizinga mwaka 1991 na 1992. Vilivyopauka ni vya zamani. Simama hapo kidogo. Mji mzima unaonyesha makovu yake.

Kabla ya kulipia ukuta peke yake, linganisha bei na kadi ya Dubrovnik Pass. Ina ukuta, makumbusho na basi.

Hatua ya 5: Lovrijenac
Usitupe tiketi ya ukuta, inakuingiza na hapa. Ngome hii imekaa juu ya mwamba nje ya lango la Pile. Kuta zake zinazotazama nje zina unene unaofika mita 12, lakini ule unaotazama mji ni wa sentimita 60 tu. Wenyeji walitaka kamanda akiasi, mizinga ya mji imfikie.

Hatua ya 6: Kuogelea
Ufuo wa Banje ni wa kokoto, vaa viatu vya maji. Viti ni vya kulipia, ila kuna sehemu ya bure ya kutandika taulo. Ukitaka utulivu, panda boti bandari ya zamani uende kisiwa cha Lokrum, na uulize saa ya boti ya mwisho, kwa sababu kulala kule hairuhusiwi.