Kukata maboksi na watoto: anza na unene, mkasi baadaye

1. Pima boksi. La dawa ya meno ni karatasi moja, halifiki hata milimita 1. La mizigo lina karatasi ya mawimbi katikati na unene wa milimita 3 hadi 4. Yale ya friji huwa na tabaka mbili za mawimbi. Hayo kata mwenyewe, mtoto apake rangi.

2. Boksi jembamba: mkasi mdogo wenye ncha butu, ila makali yawe ya chuma. Mikasi ya plastiki tupu siipendekezi kabisa. Hukunja karatasi badala ya kuikata, na mtoto anazoea kutumia nguvu. Mashoto apewe mkasi wa mashoto, kwa sababu ule wa kawaida mkononi mwake huachanisha makali na kumfichia mstari. Kwenye kona azungushe boksi, si mkasi.

3. Boksi la mizigo: msumeno mdogo wa plastiki wenye meno. Chora mistari mirefu ifuate mawimbi, maana ukiyakatiza yanapondeka.

4. Kisu cha wembe ni cha mtu mzima tu, na hapa ndipo vidole huumia. Wembe butu ni hatari kuliko mkali: unaulazimisha, unateleza. Boksi likianza kuchanika na kutoa nyuzinyuzi, wembe umekuwa butu: vunja kipande chake cha mbele kwa koleo na ukitie kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye pipa la taka. Toa wembe milimita 5 tu. Ukiutoa mrefu unapinda na kukatika. Tandika boksi kuukuu chini. Tumia rula ya chuma, kwani ya plastiki wembe huipanda na kukufuata kidoleni. Pitisha mara tatu: ya kwanza kwa wepesi, ichane karatasi ya juu tu, ya pili mawimbi, ya tatu ya chini. Wanaotaka kumaliza kwa mara moja ndio wanaojikata. Mkono wa rula ukae nyuma ya wembe, na usikate kuelekea pajani. Mduara usiukate kwa kisu: punguza kona kwa mistari mifupi iliyonyooka, umalizie kwa mkasi.

5. Tundu: weka donge la udongo wa kufinyangia chini ya boksi, mtoto asukume penseli hadi izame kwenye udongo. Kiganja kisiwe chini ya boksi.