Ukitaka kubishana kuhusu masenta wa miaka ya tisini, njoo na mwaka mkononi

Kinyozi changu kiko Bondeni hapa Nakuru: viti vitatu, kioo kimoja kirefu na benchi la mbao. Jumapili ikifika saa kumi alasiri, benchi hujaa watu ambao hawakuja kunyolewa. Muuza kahawa chungu huingia na birika lake, vikombe vidogo vinazunguka, na kabla ya kikombe cha pili kuna mtu ameshauliza: senta gani, yaani yule mrefu anayecheza karibu na ringi, alikuwa mkubwa kuliko wote katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ya miaka ya tisini? Nimeusimamia ubishi huu kwa miaka mingi nikiwa na mashine mkononi. Mwaka 2019 ulinipotezea rafiki wa tangu shule ya msingi. Aliinuka, akalipa, akaondoka, na hajarudi. Tangu siku hiyo ubishi wa hapa una taratibu, na ndizo ninazokuandikia.

Kwanza, kateni miaka. Sisi tunaanza na msimu wa 1989-90 na kuishia 1998-99. Kareem Abdul-Jabbar, senta wa zamani, alistaafu 1989, kwa hiyo hayumo. David Robinson alianza msimu huohuo wa 1989-90 na akapata pete yake ya kwanza, yaani taji la ligi, 1999, kwa hiyo yumo muongo wote. Msipokata miaka, Shaquille O'Neal wa mwaka 2000 ataingia kwa mlango wa nyuma. Yule alikuwa mchezaji bora wa msimu na alichukua mataji matatu mfululizo na Lakers, 2000 hadi 2002, lakini huo ni muongo mwingine. Katika miaka yetu Shaq ni kijana wa Orlando aliyeingia ligi 1992, akavunja mitambo ya ringi kwa danki zake, kisha akahamia Los Angeles 1996.

Tuna mzee mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye kila mara humleta Bill Russell, senta wa kabla ya muongo wetu, na pete zake 11. Ninamheshimu mzee huyo sana. Namwambia, "Mzee wangu, Russell ana Jumapili yake," na kweli tunampa. Ila kuna jambo la kumkumbusha kila anayelinganisha Russell au Wilt Chamberlain na masenta wa baadaye: NBA ilianza kuhesabu bloku, yaani mitupo iliyozuiwa, rasmi msimu wa 1973-74, wote wawili wakiwa wameshaacha kucheza. Rekodi ya bloku 3,830 ya Hakeem Olajuwon, senta Mnigeria wa Houston, ni ya kweli, lakini Russell hakuwahi kuwekewa kalamu wala karatasi.

Pili, elewaneni neno "mkubwa". Yupo anayemaanisha kilele, yaani msimu mmoja au miwili ambapo mtu hakamatiki. Yupo anayemaanisha miaka mingi bila kuyumba. Yupo anayehesabu pete tu. Ninyi watatu mkibishana bila kusema mnapima nini, mtapiga kelele hadi isha na kila mmoja atakuwa sahihi kwa kipimo chake. Mimi napima kilele, na katika kilele napima jambo moja: ulipokutana uso kwa uso na mkubwa mwenzako, nini kilitokea? Muongo ule ulitupa nafasi ya kupima hivyo kwa sababu wakubwa wote walikutana, na walikutana kwenye mchujo, zile mechi za kutoana za mwisho wa msimu.

Vijana wanaotazama NBA ya leo kwenye simu huwa nawasimamisha hapa niwaeleze sheria. Wakati ule ulinzi wa eneo ulikuwa marufuku. Mlinzi hakuruhusiwa kusimama tu katikati ya njia kumsubiri senta. Ilimbidi akae na mtu wake, au aende wazi kabisa kumsaidia mwenzake kumkaba mwenye mpira. Sheria hiyo iliondolewa kuanzia msimu wa 2001-02. Kwa hiyo senta wa tisini alipewa mpira chini, mgongo ukiwa kwa ringi, na mara nyingi mbele yake, au tuseme nyuma yake, kulikuwa na mtu mmoja. Ukimwona senta wa leo anapokea mpira kisha watu watatu wanamzonga, usiseme ni dhaifu kuliko wa zamani.

Sasa uso kwa uso. Ukitaka kushinda ubishi huu, jifunze miaka miwili kwa moyo: 1994 na 1995.

Fainali ya 1994 ilikuwa Houston na New York, Olajuwon na Patrick Ewing, na ilikwenda mechi zote saba. Olajuwon alipata wastani wa pointi 26.9, Ewing 18.9. Mechi ya sita, Houston wakiongoza 86-84, John Starks wa New York alirusha mpira wa pointi tatu sekunde za mwisho, na Olajuwon akaugusa kwa ncha ya vidole. Mechi ya saba ilikuwa Juni 22 mjini Houston. Siku moja kabla yake, katika jimbo lilelile la Texas, Nigeria walicheza mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, wakaifunga Bulgaria 3-0, na Rashidi Yekini akazishika nyavu akilia. Kisha kesho yake kijana wa Lagos akabeba taji la NBA. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikieleza ubishi huu sauti yangu hubadilika hapo, na sioni haya.

Mwaka huo Olajuwon alikuwa mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora wa msimu na mchezaji bora wa fainali. Hakuna mwingine aliyewahi kuchukua vyote vitatu msimu mmoja.

Mwaka 1995 ndio mzito zaidi. Houston walimaliza na ushindi 47 tu, nafasi ya sita upande wa magharibi. Katika mchujo wakawatoa Utah wenye ushindi 60, Phoenix wenye 59, San Antonio wenye 62, kisha wakawafagia Orlando wenye 57, mechi nne kwa bila. Hakuna timu iliyoanzia nafasi ya chini hivyo ikachukua taji. San Antonio ndiyo ya Robinson, na msimu huo Robinson ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora. Alikabidhiwa tuzo yake katikati ya mfululizo huohuo, mbele ya mashabiki wake. Olajuwon akampiga wastani wa pointi 35.3. Fainali akamkuta Shaq, akapata wastani wa 32.8 dhidi ya 28.0 za kijana.

Kwa haki lazima useme na upande wa pili. Shaq alikuwa na miaka 23, Olajuwon 32. Tena Shaq katika fainali hiyo alifunga kwa usahihi mkubwa kuliko Olajuwon. Mbishi mzuri huutoa ushahidi unaomuumiza yeye mwenyewe kabla mwenzake hajautoa. Hapo watu humwamini.

Bondeni tuna hoja nyingine ambayo sijui kama mitaa mingine huitumia. Februari 1995 Ramadhani ilianza tarehe mosi. Olajuwon alifunga na akacheza, na mwezi huohuo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Wazee wetu wa msikitini, ambao hawajawahi kushika mpira wa kikapu, hiyo wanaijua.

Jambo la tatu sikulibuni mimi. Agosti mwaka jana, shule zikiwa zimefungwa, binti mmoja wa kidato cha tatu alimleta mdogo wake kunyolewa. Ni mrefu, na anacheza senta shuleni kwao. Akakaa pembeni akitusikiliza, mwishowe akasema, "Samahani anko, mnasema Olajuwon, Olajuwon. Alikuwa anafanya nini na miguu?"

Benchi likanyamaza. Sote tulijua 35.3. Kueleza mguu upi unabaki chini, hakuna aliyeanza.

Nikazima mashine, nikakunja taulo likawa mpira, nikamwomba kinyozi mwenzangu anikabe. Unapokea ukiwa umeipa ringi mgongo. Unatikisa bega la kushoto kana kwamba unaelekea huko, kichwa nacho kinafuata, maana mlinzi hutazama kichwa. Uzito wake ukishahamia huko, unazunguka upande wa kulia juu ya mguu mmoja. Hapo wengi hurusha. Olajuwon aliinua mpira kama anayerusha, akasubiri mlinzi aruke, kisha, ule mguu wa mzunguko ukiwa bado umebaki chini, akapitisha mguu mwingine chini ya mikono ya yule aliyekuwa hewani na kufunga taratibu. Wamarekani waliita kule kutikisa kwake kwa jina la utani wake, Ndoto. Mwenyewe alisema miguu ile aliitoa kwenye soka na mpira wa mikono. Alikuwa kipa Lagos, na mpira wa kikapu aliushika akiwa na miaka kama kumi na mitano.

Yule binti alirudia mara tano katikati ya viti, na mara ya tano mwenzangu aliruka kweli. Tangu hapo ukimsifu senta kinyozini kwangu, unasimama unaonyesha kitu kimoja alichokifanya. Anayemtetea Robinson anyooshe mkono aeleze jinsi mtu wa urefu ule alivyokimbia uwanja kama mlinzi mdogo, na jinsi timu yake ilivyotoka ushindi 21 hadi 56 mwaka alioingia. Anayemtetea Ewing aonyeshe mtupo wake laini wa pembeni, kisha aseme kwamba katika fainali ileile aliyoshindwa, Ewing alizuia mitupo 30, rekodi ya fainali kwa wakati huo, na kwamba mechi ya saba Starks alikosa mitupo 16 kati ya 18. Senta harushi kwa mkono wa mwenzake. Kumwita Ewing mtu wa kushindwa ni dhuluma, na sikubali isemwe hapa.

Mwenzangu huyo anatoka Bukavu, na mtu wake ni Dikembe Mutombo. Kwa pointi Mutombo hafiki kwenye meza ya wale wanne, naye hukubali. Lakini ukipima ulinzi peke yake, mwachie nafasi aseme: mlinzi bora wa msimu mara nne, bloku 3,289, wa pili nyuma ya Olajuwon. Mwaka 1994 Denver, timu yake iliyoingia mchujo ikiwa ya nane, iliitoa Seattle, iliyokuwa ya kwanza, jambo lililokuwa halijawahi kutokea, na Mutombo akamaliza amelala sakafuni ameukumbatia mpira. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake haiingii katika hesabu za uwanjani, na tulipopata habari ya kifo chake mwishoni mwa Septemba 2024 hakuna aliyebishana. Tulisimama.

Mpangilio wangu kwa miaka hiyo kumi ni Olajuwon, Robinson, O'Neal, Ewing, kisha Mutombo. Nafasi ya pili na ya tatu ndizo zinazoninyima usingizi. Mitupo huru ya Shaq, ile anayopewa mtu akichezewa rafu, ikiingia asilimia 52.7 tu kwa maisha yake yote ya ligi, ndiyo inayonifanya nimweke Robinson mbele, kwa maana dakika za mwisho timu pinzani ilijua imchezee nani rafu. Mwenye hoja ya kunigeuza hapo aje, namsubiri. Saa moja usiku nazima mashine na kufagia, na aliyekuwa hajamaliza kusema ndiye anayeanza Jumapili inayofuata.