Kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam kwa gari, mkiwa na watoto wadogo

Mdogo wangu alipoamua kuwapeleka watoto wake Dar es Salaam kwa barabara, wa kwanza akiwa ndiyo kwanza ameanza shule na wa mwisho angali ananyonya, alikuja kwangu na mpango aliopewa na dereva wa lori: kilomita nyingi kwa siku, kulala popote giza litakapowakuta. Njia ni karibu kilomita 2,000, kupitia Kasumbalesa, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, Nakonde, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, na mpango wa namna hiyo unamfaa mtu mzima aliye peke yake. Mwenye watoto aanze na mipaka miwili, wa Kasumbalesa kuingia Zambia na wa Nakonde na Tunduma kuingia Tanzania, aipange yote ivukwe asubuhi, watoto wakiwa wamelala vizuri na wamekula, kisha siku nyingine zipangwe kuizunguka mipaka hiyo.

Hatua ya kwanza: gari

Fundi wako analijua gari lako kuliko mimi. Beba pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kizima moto, kwa kuwa polisi wa barabarani wa Zambia na Tanzania huviulizia. Watoto wote wakae nyuma, kila mmoja na kiti chake au mkanda wake. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa. Ukitoka Kongo unahama kutoka upande wa kulia wa barabara kwenda wa kushoto, na kama usukani wa gari lako uko kushoto huwezi kuona unapotaka kulipita lori. Mtu mzima wa pili akae mbele akuangalizie, jambo ambalo maana yake ni kwamba huko nyuma watoto watabaki wenyewe kwa muda mrefu. Ukiweza kumpata mtu mzima wa tatu, shangazi au binamu, mchukue hata kama itabidi kuacha sanduku moja nyumbani.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Kila mtoto awe na pasipoti yake. Awe pia na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na ambacho tangu Julai 2016 ni cha maisha yote, hata kama kadi yenyewe iliandikwa zamani kwamba ni ya miaka 10. Mtoto ambaye bado hajafikisha miezi 9 hapewi chanjo hiyo kwa kawaida. Mwombee daktari barua yenye muhuri inayoeleza hivyo. Masharti ya viza yaulize mapema katika ubalozi mdogo wa Zambia na ule wa Tanzania hapa Lubumbashi, si kwa jirani aliyesafiri mwaka juzi.

Kinachowakwamisha Wakongo wengi ni majina. Kwetu mtoto hupewa jina la babu, la nyanya, la rafiki wa baba, na desturi hiyo ilipata nguvu zaidi tangu sera ya uhalisi ya mwaka 1972, Rais Mobutu alipowataka watu waache majina ya Kizungu. Matokeo yake ni kwamba baba, mama na watoto watatu wanaweza kufika dirishani na pasipoti tano ambazo hakuna hata mbili zenye jina la ukoo linalofanana. Kwa ofisa wa nchi ambayo watoto hubeba jina la baba, hiyo ni sura ya mtu anayewavusha watoto wasio wake, na ofisa huyo ana haki ya kuuliza, maana wizi wa watoto upo. Mdogo wangu na mke wake waliwekwa benchini kwenye mpaka mmoja tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama, mtoto akilia, kwa sababu vyeti vya kuzaliwa walikuwa navyo katika simu tu, tena kwa Kifaransa.

Kwa hiyo beba cheti halisi cha kuzaliwa cha kila mtoto, kinachotaja majina ya baba na mama, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na mfasiri anayetambuliwa na kupigwa muhuri. Kagua herufi moja moja, kwa kuwa Mwamba wa kwenye cheti anaweza kuwa Muamba kwenye pasipoti, na kosa hilo husahihishwa Lubumbashi kabla ya safari, si dirishani. Beba pia cheti cha ndoa. Ikiwa mzazi mmoja anabaki nyumbani, aandike idhini inayotaja kila mtoto, nambari ya pasipoti yake, nchi zitakazopitwa na tarehe za kwenda na kurudi, kisha idhini hiyo ithibitishwe na ofisi ya serikali na iambatishwe nakala ya kitambulisho chake. Mjane abebe cheti cha kifo. Anayesafiri na mtoto wa dada yake, hata kama amemlea tangu utotoni, apate idhini ya wazazi wote wawili. Kusema “ni mwanangu” kwa maana ya kwetu humtia mtu mashakani bure. Piga nakala tatu za kila karatasi na uzitie katika jalada moja la plastiki ambalo halitoki mkononi mwa mama. Simu si jalada: huzima, huibiwa, na wapo maofisa wasioikubali kabisa.

Gari nalo lina kadi yake ya manjano, ile ya bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo hutambuliwa Zambia na Tanzania. Usidhani kwamba ukiwa na kadi moja ya manjano umemaliza; ile ya chanjo ni nyingine.

Hatua ya tatu: mgawanyo wa siku

Ondoka Lubumbashi saa kumi na moja alfajiri ili ufike Kasumbalesa mapema. Foleni ndefu utakayoikuta ni ya malori ya shaba; gari dogo huipita. Baba ashughulikie karatasi za gari na mama abaki na watoto kivulini, isipokuwa pale uhamiaji unapotaka kuwaona wote. Badilisha pesa kwa kambisti, yaani mbadilisha fedha, unayemjua kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu peaji, yaani ada za barabara, za Zambia hulipwa kwa kwacha. Siku hiyo ishie Ndola, hata kama nguvu bado unazo.

Siku ya pili lala Serenje au Mpika, na ya tatu Isoka, ili asubuhi ya nne uingie Nakonde na Tunduma ukiwa na siku nzima mbele yako. Tanzania iko saa moja mbele ya Lubumbashi, na saa hiyo huliwa mchana huohuo. Mbeya haiko mbali, pumzikeni huko.

Usiendeshe usiku. Lori likiharibika kule, dereva hukata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma yake kuwa onyo, na gizani utayaona matawi hayo ukiwa tayari juu yake.

Hatua ya nne: tumbo

Mimi ni adui wa katuni za simu ndani ya gari. Mtoto anayetazama kioo huku mwili ukitikiswa hupatwa na kichefuchefu haraka, hasa kati ya miaka 2 na 12. Mpe kazi ya kutazama mbali: reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, huandamana na barabara kuanzia Kapiri Mposhi, hukuacha Mpika ikielekea Kasama, kisha mnakutana tena Nakonde. Anayeiona kwanza ndiye mshindi.

Chakula kiwe kikavu na kidogo: mkate, ndizi, viazi vya kuchemsha. Karanga usimpe mtoto mdogo gari likienda, maana humpalia. Mchana wape nshima, yaani ugali, ambayo ni bukari yetu ileile na hawataikataa. Bidoni (dumu) la maji yaliyochemshwa lisikauke, na kikwembe (kitenge) kimoja kikae karibu kwa kivuli na kwa kumsitiri mtoto anayejisaidia kando ya njia. Mtoto akiharisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukiona homa, usisubiri mji mkubwa; kapime malaria.

Hatua ya tano: Tanzania

Katika makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na polisi huwa na vipima mwendo. Baada ya Iringa unateremka Kitonga kwa kona kali nyuma ya malori yanayojikokota, kwa hiyo chakula kisubiri Ruaha Mbuyuni, kule chini kwenye mibuyu na mafungu ya vitunguu.

Barabara kuu hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi na anayepita tu halipi kiingilio. Watoto wataona twiga na swala dirishani, pengine tembo. Vioo vifungwe, nyani wasipewe chakula, na mwendo uheshimiwe, maana anayegonga mnyama hutozwa faini. Laleni Morogoro, kisha mwingie Dar es Salaam asubuhi inayofuata, foleni ya watu wa kazini ikishapungua.