Namna ya Kuandaa Jumamosi ya Kupima Nyumba kwa Wasanifu na Wanafunzi wa Dodoma

Vyuo vinapofunga, vijana wanaosomea usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) huja Dodoma kwa mafunzo kwa vitendo. Kazi ipo. Tangu serikali ihamie na mji wa serikali wa Mtumba uanze kujengwa, saiti hazikauki mji huu. Lakini kijana anaweza kukaa ofisini likizo nzima akichora milango na vyoo kwenye kompyuta, kisha akarudi chuo bila kushika futi kamba hata siku moja. Sisi wasanifu tulio kazini nasi hatujatofautiana naye sana. Tunakutana kwenye ufunguzi wa zabuni, tunasalimiana kwenye korido tukifuatilia vibali vya ujenzi, kila mtu anarudi kwake.

Mimi na wenzangu wachache tukaanzisha kijiwe. Jumamosi moja kila baada ya miezi miwili tunachagua nyumba, tunaipima, tunaichora, halafu tunakaa chini tunaizungumza. Naandika hapa jinsi tunavyofanya ili aliyeko Singida, Kongwa au mtaa wa pili hapa hapa mjini aanzishe cha kwake. Ukumbi na projekta havihitajiki. Tafuta nyumba moja, watu kumi na wawili, na fundi aliye tayari kusema anachokijua.

Hatua ya 1: Anza na nyumba, mada itakuja yenyewe

Ukianza na mada utapata hotuba. Ukianza na nyumba, maswali yatatoka ukutani.

Kama ningeruhusiwa kuchagua aina moja tu ya nyumba kwa ajili ya wanafunzi wa hapa, ningechagua tembe la Wagogo. Bado yapo vijijini, upande wa Chamwino na Bahi, ingawa kila mwaka yanapungua. Ni nyumba fupi, kuta zake ni miti iliyokandikwa udongo, paa lake ni bapa: nguzo, boriti, fito, kisha tabaka nene la udongo juu. Vyumba vinazunguka uwanja ambamo mifugo hulala. Paa la namna hiyo lingeporomoka Bukoba katika msimu mmoja. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 570 tu kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo udongo unastahimili, na kazi ya mwenye nyumba ni kuukandika upya kabla ya mvua. Unene ule huchukua joto la mchana polepole na kulitoa usiku, wakati baridi ya nyanda hizi, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, inapoanza kuuma. Mwanafunzi akiingia mle saa nane mchana akitokea kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, ngozi yake itamfundisha kabla yako.

Nyumba ya kawaida ya tofali na bati, kama zilizojaa mitaa ya Kisasa na Nzuguni, nayo inafaa sana, hasa ikiwa imekaliwa miaka kumi na wenyewe wameshaongeza chumba hapa na banda kule.

Mwezi ambao nyumba haikupatikana, tembeeni kwa miguu. Njia yetu huanzia stesheni ya reli ya kati, maana reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1910 na mji ukakua kuizunguka, kisha tunapita Uhindini hadi Nyerere Square. Beba nakala ya mpango kabambe wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, miaka mitatu baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Mpango ule ulimfikiria mtu anayetembea kwa miguu na kupanda basi. Simameni kona moja, uwatazame waenda kwa miguu kwa robo saa, kila mmoja aandike wanapita wapi na wanajificha wapi jua.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, na uombe kwa majirani pia

Hii ndiyo hatua niliyoikosea, na naomba usiikosee.

Mara yetu ya pili tulikuwa tumeshakubaliana na mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima. Tukafika vijana kumi na nne, futi kamba zimefunguliwa, makaratasi mkononi, wengine tayari wako nje ya uzio wakipima barabara. Dakika kumi hazijapita, majirani wametoka. Mmoja akauliza, sauti inatetemeka, "Mnakuja lini kuweka ile X?" Mji huu una kumbukumbu ya migogoro ya viwanja, na mtu aliyewahi kuona alama nyekundu ikipakwa ukutani haoni mwanafunzi akishika futi. Anaona bomoabomoa. Tulikusanya vifaa, tukaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kazi ya siku hiyo ikaishia hapo.

Sasa tunaanza kwa mwenyekiti wa mtaa wiki moja kabla, na barua fupi yenye tarehe, idadi ya watu na namba ya simu ya msanifu anayesimamia. Kisha mwenye nyumba mwenyewe anatupitisha kwa majirani wa pande zote. Tunaamkia, tunaeleza, tunaonyesha mchoro wa nyumba tuliyopima mara iliyopita ili waone tunachotafuta. Kijijini, nenda kwanza ofisi ya kijiji, halafu kwa mzee wa kaya.

Majengo ya serikali, Bunge, vituo vya treni: usipige picha wala kupima bila kibali cha maandishi.

Hatua ya 3: Panga watu wanne wanne

Watu kumi na wawili wanatosha. Kumi na sita ndio mwisho. Kila kundi liwe na wanne: mmoja anashika ncha ya futi, mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anachora. Kila saa wabadilishane, la sivyo mwenye mwandiko mzuri ataandika siku nzima na hatajua futi inavyolegea katikati. Kila kundi liwe na mtu mmoja aliye kazini.

Mwalike fundi mwashi au seremala, na umlipe ujira wa siku nzima kama angekuwa saiti. Pesa yetu ya mchango karibu yote huenda huko, inayobaki ni maji, maandazi na karatasi.

Kama unataka wasanifu waliosajiliwa wahesabiwe siku hiyo kuwa sehemu ya mafunzo yao endelevu, waandikie mapema Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi uulize utaratibu. Usiahidi cheti ambacho huna mamlaka ya kukitoa.

Hatua ya 4: Chagua tarehe kwa kufuata jua

Epuka Januari hadi Machi, mvua itakukatisha. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mizuri ila upepo hupeperusha karatasi na vumbi, kwa hiyo beba mbao na vibanio.

Siku yetu kubwa ni mwanzoni mwa Oktoba. Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo ndiyo Siku ya Makazi Duniani na pia Siku ya Usanifu Majengo Duniani, na kwa bahati njema, siku chache baadaye, karibu tarehe 8 au 9, jua hupita utosini kabisa hapa Dodoma. Simika fimbo ya mita moja, uinyooshe kwa timazi. Usingoje saa sita kamili, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki nasi tuko karibu na 36, hivyo jua huchelewa kutufikia. Oktoba, adhuhuri ya kweli Dodoma ni kama saa 6 na dakika 25. Itazameni fimbo. Kivuli kinajikunja, kinajikunja, mpaka kinaishia kwenye shina lake. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa nne wakipiga magoti kukitafuta.

Waambie warudie mwishoni mwa Juni, fimbo ile ile: kivuli cha adhuhuri kitakuwa sentimita 57 kuelekea kusini, maana jua liko kaskazini. Mwishoni mwa Desemba kitakuwa sentimita 31 kuelekea kaskazini. Kwa vipimo hivyo vitatu mtu anaweza kukokotoa upana wa baraza bila programu yoyote.

Kisha, siku ile ile ya Oktoba, wapeleke ukuta wa magharibi saa kumi jioni. Paa lililochomoza sentimita 60, kama tunavyozoea, kivuli chake kinaishia kama sentimita 45 tu chini ya ukingo wa bati. Kufunika dirisha la mita 1.2 linaloanzia usawa wa ukingo huo ungehitaji paa lichomoze mita 1.6. Kwa hiyo ukuta huo unataka mti, au baraza la kweli, au dirisha dogo. Nyumba nyingi mpya mjini zimeelekeza sebule huko kwa sababu barabara iko huko, na wenyewe hufunga mapazia kuanzia saa tisa.

Hatua ya 5: Chora kwanza, pima baadaye

Nusu saa ya mwanzo futi zibaki mfukoni. Kila mtu azunguke nyumba, achore ramani yake kwa mkono, kubwa, ijaze karatasi. Vipimo visivyo na mchoro wa kuviweka hupotea.

Mnapoanza, bana ncha ya futi kwenye kona moja na usome kwa mfululizo: mlango unaanzia hapa, unaishia pale, dirisha, kona. Ukipima kipande kimoja kimoja, nusu sentimita ya kosa kila mara itakuwa sentimita tano ukutani mwisho wa siku.

Halafu pimeni chumba pembe kwa pembe. Hapa nasisitiza. Chumba cha mita 3.60 kwa 4.20, kikiwa na pembe mraba, kitakupa mita 5.53 kwa mishazari yote miwili. Mkipata 5.47 na 5.59, chumba kimelala upande, na mchoro uliochorwa mraba utasema uongo. Kwenye tembe chumba mraba hakuna kabisa, kwa hiyo gawanyeni umbo kwa pembetatu.

Kwa kimo, tumieni mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi. Wekeni alama ya usawa mmoja kuzunguka nyumba nzima, kisha pimeni kwenda juu na kwenda chini kutoka hapo. Sakafu iliyozama itajitokeza yenyewe. Unene wa ukuta usomeni kwenye dirisha.

Wakati huo fundi asikae kivulini. Atembee na makundi, agonge ukuta, aeleze kwa nini ufa umeanzia pembe ya dirisha na lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, imeishia wapi.

Hatua ya 6: Tundika michoro, aliye mkubwa aseme mwisho

Funga kamba kati ya miti miwili, tundika michoro kwa vibanio vya nguo. Wanafunzi waseme kwanza, fundi afuate, mwenye nyumba afuate, wasanifu wazoefu wafunge. Mpangilio huu tuliupata kwa kujaribu. Msanifu mwenye jina akianza, wanafunzi hurudia maneno yake tu. Kinachojadiliwa ni karatasi, aliyeichora aachwe kando. Atakayevunja kanuni hii akumbushwe papo hapo, hata awe bosi wako.

Kuna binti alichora pendekezo la kuboresha chumba cha kulala, dirisha pana lenye mwanga mzuri. Tulimsifu. Fundi akalitazama sana, akauliza kwa upole, "Na kitanda, dada, kitakaa ukuta upi?" Akageuza karatasi, akapima kwa kidole. Mlango huku, dirisha huku, kabati huku. Hakikubaki kitu. Binti alikaa chini akachora upya palepale, na mchoro ule wa pili ndio aliokwenda nao chuoni.

Hatua ya 7: Rudisha mchoro kwa mwenye nyumba

Ndani ya wiki mbili, chora safi kwa skeli ya 1 kwa 50, yaani sentimita moja kwa kila nusu mita, andika tarehe na majina ya waliopima, chapisha karatasi ya A3, ifunike kwa plastiki. Mweleze mwenyewe kwamba mchoro huu ni kumbukumbu na hauwezi kuombewa kibali cha ujenzi. Upeleke kwa mkono, pamoja na wanafunzi wale wale.

Tulipompelekea mzee mmoja wa Chamwino mchoro wa tembe lake, aliushika muda mrefu. Alikuta mlango wake, akakuta uwanja wa ng'ombe. Kisha akaweka kidole kwenye chumba tulichokiandika "stoo" na akasema tumekosea. Pale palikuwa pa mama yake, kapu la mtama lilisimama kona hii, na tundu dogo ukutani tulilolichora kama ubovu lilikuwa lake la kuchungulia ndama. Akaomba kalamu. Kijana aliyekuwa ameshika daftari akampa yake, na mzee akaandika jina la mama yake ndani ya chumba.