Kuiachia Git Kazi ya Kutunza Namba za Matoleo ya Kifurushi cha Python

Namba ya toleo la kifurushi cha Python mara nyingi huandikwa mahali patatu: ndani ya pyproject.toml (faili ya mipangilio ya kifurushi), ndani ya __init__.py na kwenye lebo ya Git, yaani jina linalobandikwa kwenye hatua fulani ya historia ya msimbo ambayo Git huitunza. Anayezibadilisha kwa mkono iko siku atasahau moja, kama nilivyosahau mimi nikatoa kifurushi kilichoandikwa 1.4.0 kwa nje huku chenyewe kikijitambulisha kuwa 1.3.2. Kosa hilo halifutiki, kwa kuwa PyPI, hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi vya Python, haipokei tena faili yenye jina lile lile hata kama ya kwanza umeshaifuta. Tangu hapo namba naiweka kwenye lebo ya Git tu, na kuisoma ni kazi ya programu iitwayo setuptools-scm wakati kifurushi kinapojengwa.

Futa mstari wa version katika pyproject.toml, kisha hakikisha haya yamo:

[build-system]
requires = ["setuptools>=64", "setuptools-scm>=8"]
build-backend = "setuptools.build_meta"

[project]
name = "kifurushi-changu"
dynamic = ["version"]

[tool.setuptools_scm]

Sehemu ya mwisho haina kitu chini yake, na ndivyo inavyotakiwa. Kuwepo kwake kunatosha kuiamsha setuptools-scm. Msimbo wenyewe ukihitaji kujua namba yake, uisome kwa version("kifurushi-changu") kutoka importlib.metadata.

Siku ya kutoa toleo, andika:

git tag -a v1.4.0 -m "Toleo la 1.4.0"
git push origin v1.4.0

Amri ya pili ndiyo husahaulika, maana git push ya kawaida haipeleki lebo. Kuchagua namba kunabaki kuwa uamuzi wako: ya kwanza hupanda unapovunja kitu ambacho watumiaji wanakitegemea, ya pili unapoongeza uwezo mpya, ya tatu unaporekebisha hitilafu. Zipo programu kama semantic-release zinazoamua zenyewe kwa kusoma ujumbe wa kila komiti (badiliko lililohifadhiwa katika Git) ulioanza na fix au feat, lakini kwa timu isiyo na nidhamu ya kuandika ujumbe huo, naona ni afadhali mtu aamue.

Sasa endesha python -m build na utazame folda ya dist. Ukiwa juu ya lebo yenyewe, utaona kifurushi_changu-1.4.0.tar.gz. Ukiwa umeongeza komiti tatu baada ya lebo, jina litakuwa na 1.4.1.dev3+g likifuatiwa na herufi na tarakimu za komiti ya mwisho. Hata faili moja uliyoibadilisha bila kuikomiti huacha alama yake kwenye namba. Kwa kuwa PyPI hukataa namba yenye alama ya kujumlisha, kifurushi ambacho hakijaiva hakiwezi kuponyoka kwa bahati mbaya.

Kinachowasumbua wengi ni GitHub Actions, huduma ya GitHub inayojenga kifurushi yenyewe. Hatua ya actions/checkout, inayoleta msimbo, isipoelekezwa vingine, huchukua komiti ya mwisho peke yake, kwa hiyo kazi inayoanzishwa kwenye tawi haioni lebo yoyote na hujenga kitu chenye namba inayoanza na 0.1.dev1. Ongeza mstari huu chini ya with katika hatua hiyo, historia yote ije pamoja na lebo zake:

fetch-depth: 0