Vitamini E ya mahindi: jinsi ya kuwafikishia vifaranga kabla haijaharibika

Sisi tunaojichanganyia chakula cha kuku huwa tunahesabu protini, vitamini E tunaiachia bahati. Upungufu wake hujitokeza zaidi vifaranga wakiwa na wiki mbili hadi nne: kifaranga anayumba, anaanguka ubavu, kichwa kinapinda nyuma au kinazama chini, miguu inanyooka na kutetemeka. Wengi husema mdondo, na inaweza kuwa mdondo kweli, kwa hiyo mwite mtaalamu wa mifugo apasue mmoja. Ila ukimsubiri, fungua gunia la chakula unuse kama kimechacha.

1. Nunua punje nzima, iliyokauka. Sehemu kubwa ya vitamini E ya mahindi imo kwenye kiini, pamoja na mafuta yake. Punje ikiwa nzima, hewa haiyafikii kwa urahisi. Kama huna kipima unyevu, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kiasi na chumvi kavu, tikisa, kisha iache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, yarudishe juani. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu hauli vitamini tu, huleta na sumukuvu.

2. Usiyategemee mahindi peke yake. Sehemu kubwa ya vitamini E yake ni ya aina ya gama, ambayo mwilini hufanya takriban sehemu moja ya kumi ya kazi ya aina ya alfa. Ngano ina alfa kwa uwiano mkubwa zaidi. Kiwango cha chini cha kifaranga, kwa mwongozo wa Marekani wa 1994, ni uniti za kimataifa (IU) 10 kwa kila kilo ya chakula, na mahindi yaliyokaa ghalani hayana uhakika wa kukifikia. Pumba ya mahindi inabeba kiini kilichotolewa kwenye sembe, kwa hiyo ni nzuri ikiwa mbichi kutoka mashineni. Ikikaa huchacha. Onja chembe: ikiwa chungu, iache, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

3. Paraza kidogo kidogo. Ukishasaga, umeyafungulia mafuta hewa. Mimi siparazi zaidi ya kinachokwisha ndani ya wiki mbili, na joto la Pwani linanifanya nipunguze zaidi. Gunia likae juu ya chaga, kivulini, mdomo umefungwa.

4. Chunguza dagaa. Hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Mafuta ya samaki huchacha upesi, na yakichacha hula vitamini E mara mbili: kwanza ndani ya gunia, kisha mwilini mwa kuku. Dagaa wa manjano, wenye harufu inayokwaruza koo, hawafai kwa vifaranga. Ukiwa na wasiwasi nao, ongeza mashudu ya soya, dagaa uwapunguze.

5. Premiksi, yaani vitamini zilizochanganywa kiwandani, iingie mwisho. Kwenye lebo tafuta alfa-tokoferili asetati, umbo linalostahimili hewa kuliko tokoferoli tupu. Miligramu 1 ya ile ya kiwandani ni uniti 1. Usiichanganye mapema na chumvi wala madini ya shaba na chuma, kwani huiharibu. Changanya kwanza premiksi na kilo mbili tatu za mahindi yaliyoparazwa, ndipo uisambaze kwenye rundo zima. Ukiimwaga moja kwa moja, kifaranga mmoja atapata nyingi na mwenzake atakosa kabisa.

6. Wameshaanza kuanguka? Badilisha chakula siku hiyohiyo, na uwape wote vitamini E yenye madini ya seleni kwenye maji kwa kipimo cha mtaalamu. Usizidishe dozi kwa huruma: seleni ikizidi kidogo tu inakuwa sumu. Walioanguka tayari wengi hawasimami tena, kwa sababu ubongo wa nyuma umeshaumia. Dawa hiyo ni ya wale ambao bado wanakimbilia chombo cha chakula.