Jinsi ya kusoma hadithi za watoto ukiwa mtu mzima bila kujificha

Tuanze na aibu kwasababu ndo inayokwamisha wengi. Mimi kitabu changu cha kwanza cha watoto ukubwani nilikivalisha gazeti kama daftari la shule, kisa kava ilikuwa na joka limevaa miwani, na jirani wa siti aliponiuliza nasoma nini nikamwambia ni mambo ya uongozi. Jamani. Baadae ndo nikaja kujua wachapishaji wanalijua hili tatizo vizuri tu, maana mwaka 1998 Bloomsbury wa Uingereza walitoa toleo la kitabu cha kwanza cha Harry Potter kwa ajili ya watu wazima na hadithi ndani ni ileile, kilichobadilika ni kava, wakaweka picha ya treni ya mvuke isiyo na rangi ili mkubwa akikaa nayo hadharani aonekane yuko siriasi.

Na hii aibu inaanza mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 1936 mchapishaji Stanley Unwin alimpa mwanae Rayner, miaka 10, mswada wa The Hobbit, hadithi ya watoto ya Tolkien, ausome na aandike maoni, malipo shilingi moja. Dogo akaandika kwamba ni kizuri na kitawafaa watoto wa miaka 5 mpaka 9. Yaani yeye mwenye 10 ameshajitoa kwenye kundi! Kwahiyo kama kava inakusumbua soma kwenye simu au tableti, hakuna atakayejua, ila usiache kusoma kwasababu ya mtu wa siti ya pembeni ambaye hata hamtaonana tena.

Haya, kuchagua. Usianze na vile vya picha kubwa vya watoto wadogo kabisa, anza na vile vinavyoandikwa kwa watoto wa miaka 9 mpaka 12, hapo stori inakuwa na nyama na bado haijaanza mambo ya mapenzi ya ujana. Alafu anza na kitabu kimoja kinachojitegemea, sio mfululizo. Watu wanajichoma hapa, wanaanza Harry Potter wakitaka kumaliza vyote 7 ndani ya mwezi, wanaona cha kwanza kitoto sana na cha tano kinawalemea, wakati vile vitabu vilitoka kuanzia 1997 mpaka 2007 na msomaji alikuwa anakua navyo, cha kwanza kina maneno kama 77,000 na cha tano kinapita 250,000. Ukivisoma, weka nafasi katikati, soma kitu kingine, rudi.

Kipimo changu mwenyewe kabla sijachukua kitabu: nafungua ukurasa wa katikati nasoma kwa sauti, hata kama ni kunong'ona. Kitabu kizuri cha watoto kimeandikwa na mtu aliyejua kuna mzazi amechoka atakisoma kwa sauti usiku, kwahiyo sentensi zinateleza mdomoni. Ukijikwaa kila mstari, weka chini. Na ukikuta mwandishi anaongea na msomaji kwa ile sauti ya "haya wapenzi wangu, mnaona sasa uongo ulivyo mbaya", weka chini haraka zaidi, huyo hawapendi watoto huyo, anawasimamia.

Sasa kusoma kwenyewe. Kosa la kwanza letu wakubwa ni kuwinda funzo. Tumezoeshwa hadithi lazima iishie na "hadithi hii inatufundisha nini", tunasoma huku mkono uko tayari kuandika jibu, na mtoto hasomi hivyo hata siku moja, yeye anataka kujua lile pango lina nini. Fanya kama yeye. Kosa la pili ni spidi. Sentensi ni fupi, maneno ni ya kawaida, unapaa kurasa 80 kwa mkao mmoja alafu unasema mbona chepesi hiki. Sio chepesi, umekipita tu. Soma sura moja au mbili kwa usiku basi, nyingi zimekatwa kwa kipimo hichohicho cha kabla ya kulala na zinaishia pabaya makusudi ili kesho urudi.

Ila kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni hiki: angalia wazazi wako wapi. Vingi sana kati ya hivi vitabu wazazi wamekufa, wamesafiri, wana shughuli nyingi au hawaoni mbele. Nikiwa mdogo nilidhani ni bahati mbaya tu za hao wahusika. Ukweli ni kwamba mama mmoja mwenye akili timamu angeua stori ukurasa wa tatu, "huendi msituni usiku, kaoge ulale", mwisho. Mwandishi lazima amwondoe mkubwa ili mtoto apate nafasi ya kuamua kitu mwenyewe, na namna anavyomwondoa inakwambia mengi kuhusu kitabu. Wengine wanawaua wazazi kwa mstari mmoja na kuendelea, mtoto anauruka huo mstari mbio mbio kwenda kwenye raha, wewe unasimama hapo hapo, kwasababu pengine umeshazika, au una watoto umelala ukiwaza nani atawalea.

Kwahiyo kikikukolea kisome mara mbili. Mara ya kwanza mfuate mtoto. Mara ya pili mfuate mkubwa mmoja, yule mwalimu mkali, yule shangazi mwenye roho mbaya, yule baba anayerudi usiku bila kuongea. Utakuta hofu ya madeni, msiba wa zamani, ndoa iliyokufa, vyote vimewekwa kwenye nusu sentensi, maana mtoto anayesimuliwa anaviona lakini havielewi. Mfano Charlotte's Web cha 1952, hadithi ya nguruwe na rafiki yake buibui. Samahani naharibu utamu, lakini buibui anafia kwenye viwanja vya maonesho, na mwandishi anasema wazi kwamba hapakuwa na mtu yeyote pamoja naye alipokufa. Mtoto atalia, sawa, rafiki kafa. Mkubwa anaona kitu cha ziada, kwamba mwandishi angeweza kabisa kumweka nguruwe pembeni wakaagana vizuri na hakufanya hivyo.

Lugha nayo, kifupi tu. Kikiwepo cha Kiswahili kisome, Alice in Wonderland kwa mfano kilishatafsiriwa tangu 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na kama unasoma na Kiingereza viweke sambamba uone mtafsiri alivyohangaika na ile michezo ya maneno. Hiyo raha ni ya wakubwa peke yao.

Kukiacha kitabu njiani pia ruksa. Mtoto akiboreka anafunga, haombi radhi kwa mtu, sisi ndo tunajilazimisha kumaliza kisa tumelipia. Kurasa 50 zikipita na hujali nani atapotea msituni, mwache apotee.

Na kama nyumbani kuna mtoto anayesoma kitabu hicho hicho, tafadhali usimgeuze mwanafunzi. Usimwulize amejifunza nini, usimweleze maana, usimwambie wewe umegundua kitu kuhusu yule shangazi. Mwulize "we ungeingia kwenye lile pango?" alafu kaa kimya. Wakiona mkubwa amekiteka kitabu wanakiacha, nimeona kwa macho yangu. Mimi na mpwa wangu tuna nakala moja, kila mtu na alama yake ya ukurasa, na sasa hivi amenizidi kurasa 60, kila nikipita anacheka peke yake na amekataa katakata kuniambia yule mzee wa kinu ni mtu mzuri au la.